Nia ya Hamisa

Tangu kiwanda kimpunguze kazini, Nassibu hakuwa na pa kwenda asubuhi. Alibaki nyumbani Tandale kumuuguza mkewe Hamisa, ambaye maradhi yalikuwa yamemkausha akabaki mifupa. Majirani, kwa kuogopa kuambukizwa, walishaacha kubisha hodi. Hata hivyo, kila kulipokucha Hamisa alitaja nia yake ya siku: leo nitachambua mchele, leo nitakaa barazani niwasalimie wapitao.

Asubuhi moja alisema, “Leo nataka nikamuage Farida.”

“Shoga yako aliyekukimbia?”

“Huyohuyo. Nipeleke, mume wangu.”

Alimbeba mgongoni hadi mlangoni kwa Farida. Farida hakutoka, walimsikia akipumua nyuma ya pazia.

“Shoga, sina kinyongo nawe,” Hamisa alisema. “Nimekuja kukuaga tu.”

Pazia halikutikisika. Wakarudi, Nassibu akilia njia nzima, mkewe akimpapasa bega kumtuliza.

Ijumaa Hamisa alifariki. Wanawake walikaa uani wakitazamana, hakuna aliyethubutu kumwosha. Nassibu alikuwa ameshabeba ndoo aingie mwenyewe, ndipo Farida alipopita katikati yao, kichwa chini, akampokea ile ndoo.