Milango Kumi na Miwili

Siku ya sita ya joto, daftari langu lilionyesha wazee wote wazima.

Utaratibu tuliupanga wenyewe, wakazi na ofisi ya mtaa, baada ya joto la mwaka jana kutuulia wazee wawili waliokuwa wakiishi peke yao. Ofisa mazingira alituletea chati zake, akasema joto hili si la kupita, miaka ijayo litazidi. Basi tukakubaliana: kila mzee anayekaa peke yake, akiamka, aweke kitambaa cheupe kwenye kitasa cha mlango. Saa nne mimi napita na daftari. Pasipo na kitambaa nagonga. Penye kitambaa natia alama na kwenda zangu. Wazee wenyewe walisema hawataki kugongewa kila asubuhi kama washukiwa.

Milango kumi na miwili, vitambaa kumi na viwili. Wa mwisho ulikuwa wa shangazi yangu, aliyenilea tangu mama afariki. Nilishatia alama na kugeuka, kisha miguu ikagoma. Kitambaa kilikuwa na mafundo mawili, yamekazwa barabara. Shangazi ana baridi yabisi. Vidole vyake haviwezi hata kifungo cha gauni. Yeye hukitundika tu.

Nikarudi mlangoni, nikagonga.

"Hodi, shangazi. Ni mimi."

Nikagonga tena, safari hii kwa ngumi.

Jirani yake, fundi baiskeli tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akainua kichwa kutoka kwenye gurudumu.

"Taratibu, mheshimiwa mkaguzi. Huo mlango ni mkubwa kwako kwa umri. Bibi amelala."

"Umejuaje amelala?"

"Si nimemfungia kitambaa mimi? Wazee walilalamika kuamka mapema kunawachosha. Nikawaambia nyie laleni, mjukuu wenu nipo. Wakanipa vitambaa." Alitabasamu kwa fahari. "Mtaa wetu haujakosa hata kimoja. Katibu wa mtaa mwenyewe alitusifu mkutanoni."

"Leo umemwona kwa macho yako?"

"Leo, hapana."

"Jana?"

Akaiweka spana chini. Akaenda kuchukua nyundo bila kuambiwa.

Komeo liliachia kwa pigo la tatu, na joto la ndani likatupiga usoni kama tumefungua tanuri. Madirisha yalifungwa kwa kuogopa wezi. Feni ilisimama, umeme ulikatika tangu jana. Shangazi alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ndoo tupu. Ngozi yake iliniunguza kiganja, nayo ilikuwa kavu kabisa. Ukavu ule ndio ulionitia hofu. Kwenye mafunzo tuliambiwa mzee mwenye joto hilo asipotoka jasho, zimebaki dakika.

Akafumbua macho. "Wifi," akaniambia. "Umekuja kunichukua."

Wifi yake ni mama yangu. Ana miaka kumi na minne kaburini.

"Si wifi, shangazi. Ni mimi, mwanao."

"Usinidanganye. Ngoja nivae viatu."

Tukambeba hadi kivulini. Mke wa Redio akamwagia maji kichwani na makwapani, akampepea kwa sinia. "Bibi, huendi popote," alimwambia. "Bado hujamaliza kunisengenya." Nilipiga simu kituo cha afya. Wakasema gari ni moja, liko njiani. Shangazi aling'ang'ania mkono wangu, akiita wifi, wifi.

Hapo ndipo nilipoutazama mtaa. Vitambaa kumi na kimoja, vimening'inia, hakuna hata upepo wa kuvitikisa.

"Redio, umefunga vingapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Saba. Pamoja na hiki."

Nikauchomoa mkono wangu. Shangazi alilia kama mtoto, "wifi, usiniache," nami nikamwacha, nikijua huenda nisimkute hai. Redio akanifuata na nyundo yake.

Kwenye mlango wa kwanza kati ya ile sita, mzee alitutukana kutoka ndani; sijawahi kufurahia tusi kiasi kile. Wa pili, bibi mmoja alifungua akiwa na kikombe cha maji, akashangaa tunahema nini. Wa tatu tuligonga wote wawili, kwa viganja, kisha kwa ngumi. Nikaita. Nikatega sikio kwenye mbao, nikasikia maji yakidondoka polepole kutoka bombani, basi.

Redio alinitazama. Akaishika nyundo kwa mikono miwili.

"Vunja," nikamwambia.