Waya wa Jiko la Anisia

Kicheche alimwachia Anisia manyoya mlangoni mwa banda na mayai tisa yaliyokuwa bado na joto la mama yao. Anisia aliyafunga mayai kwa kanga tumboni, kama mtu aliyejaliwa mimba ya uzeeni, akaketi kitako kufikiri.

Kuku yule hakuwa wa kununua. Anisia alivukishwa kwenda Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, akarudi kwao Itaba na mvi, akakuta shamba la baba yake linalimwa na Leonardi. Wakakubaliana kugawana. Siku walipopanda miti ya miyenzi mpakani mwa mashamba yao, Leonardi alimletea kuku anayeatamia, yeye na mayai yake. Na zawadi yenye uzazi haiishii mkononi mwa aliyepewa. Ikizaa, unampelekea mwenzako mzao wake. Ndiyo kwitura hiyo. Usipofanya hivyo, urafiki umekufa, na ua wa miyenzi unakuwa ua tu. Tena Martha, mke wa Leonardi, alishasema kisimani kwamba hawa waliokulia Tanzania kuku wanamjua sufuriani. Akisikia kuku hayupo, ataamini habari za kicheche?

Mayai yalibakiza siku chache tu yaanguliwe. Yalichotaka ni joto.

Anisia alikuwa na betri ya gari, iliyolishwa na sola juu ya bati. Alikuwa pia na jiko la umeme la sahani mbili alilorudi nalo kutoka Tanzania, akingoja siku nguzo za umeme zifike Itaba. Kila Jumamosi alilipangusa. Sasa alichomoa koili moja, akaiweka ndani ya kibakuli cha udongo chini ya kapu, akaifunga kwenye betri. Baridi. Akawaza kama mpishi: moto ukiwa mdogo, unaongeza kuni. Akaunganisha na koili ya pili, mkia kwa kichwa. Ikawa baridi zaidi.

Ndipo alipompigia simu Kulthumu, jirani yake wa zamani kule Tanzania, ambaye sasa ni fundi wa redio na pasi sokoni Muyinga.

"Allo, Mama Moses! Iko nini asubuhi-asubuhi? Uliota mi?"

"Shoga," Anisia alijibu, "nina mayai yatima na waya usioshika moto." Akamweleza yote.

Kulthumu alicheka kwanza, maana ndivyo alivyo. "Bon. Angalia chini ya jiko, iko kibati. Inasema nini?"

"Kila koili, wati elfu moja na mia moja. Volti mia mbili na ishirini."

"Gawa wati kwa volti."

Anisia aliokota kijiti, akagawa kwenye vumbi kama alivyofundishwa shule ya msingi, akibeba na kuteremsha. "Tano."

"Ampea tano, ndio kuranti yenye inapita. Sasa volti, gawa kwa hiyo tano."

"Arobaini na nne."

"Omu arobaini na nne. Hiyo ndio ubishi ya waya, na ubishi waya inatembea nayo popote. Lakini betri yako inasukuma na volti kumi na mbili tu. Gawa kwa arobaini na nne."

"Haifiki hata theluthi ya ampea."

"Zidisha na kumi na mbili. Wati tatu na kitu! Na we ukaongeza koili ingine, ubishi ikawa mara mbili, ukabakiza nusu yake. Hata kiroboto haioti moto hapo."

"Kwani nikiongeza—"

"Waya si kuni, dada. Waya ni njia. Ikiwa ndefu, umeme inachoka. Chukua koili moja, kata robo."

"Nipunguze ili ipate joto?"

"Robo ya arobaini na nne ni kumi na moja. Kumi na mbili kwa kumi na moja, ampea moja na kidogo. Wati kumi na tatu. Kata, mama!"

Anisia alilitazama jiko lake la kungojea nguzo. Kisha akapima koili kwa uzi, akakunja uzi mara mbili, akakata, akakifunga kipande hicho kwenye betri.

Taratibu kibakuli kikapata uvuguvugu. Akatandika majani na kitambaa chenye unyevu, akapanga mayai, kila mara akigusisha moja kwenye kope lake, maana kope halidanganywi na joto.

"Alors, usiku betri itavumilia?" Kulthumu aliuliza simuni.

"Ni mzee kama mimi."

"Basi tafuta ya pili."

Ya pili ilikuwa kwa Leonardi tu.

Alikwenda na manyoya mkononi, akasimulia, akaomba betri ya taa yao. Martha alikuwa anamenya mihogo. "Mi nilisema! Amekula kuku, sasa anataka na taa yetu!"

Leonardi aliyageuza manyoya, akaona yalivyotafunwa. "Na mayai?"

"Yana joto. Njoo uyashike."

Akajitwika betri, akaja. Alipofika aliinama kuifunga nyuma ya ile nyingine. "Mbili zikifuatana, nguvu inaongezeka."

"Ngoja, jirani!" Anisia alichora vumbini. "Zikifuatana ni volti ishirini na nne. Kwa kumi na moja, ampea mbili na ushei. Zidisha na ishirini na nne: wati hamsini na mbili! Tutakula mayai ya kuchemsha."

Leonardi aliangalia hesabu, akaangalia waya. "Sasa zikae namna gani?"

"Bega kwa bega. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nguvu ileile, ila zinasaidiana kuchelewa kuchoka."

"Kama sisi na hili shamba," Leonardi alinong'ona, akakaza waya.

Nyumbani kwa Leonardi kulikuwa giza siku mbili. Jioni ya tatu jua likiwa bado mgongoni, Martha akaja na ungo wa maharage ya kuchambua. "Nimekuja kuona taa yangu imeolewa wapi."

Akachukua yai, akaliweka sikioni kwa dharau. Maharage yakamwagika na hakuyatazama.

"Kuna mtu anabisha hodi," alisema.

"Mkaribishe," Anisia alimwambia. "Huyo ni wa kwenu."