Ndoano Kwenye Mpira wa Abeid

Donat Kabeya hakutaka kwenda. Aliyembembeleza ni binti yake, Océane: "Papa, uende tu. Muvue, muongee, donc mumalize ile maneno." Wa kuongea naye alikuwa Abeid, baba yake Karimu, kijana ambaye Océane alikuwa amesema ataolewa naye, baba akubali asikubali.

Wazee hao wawili walikuwa marafiki wa kuvua hata kabla watoto wao hawajajuana. Donat, Mkristo wa kutoka Likasi, aliendesha basi na kukaa mtaa wa Ixelles. Abeid, Mwislamu wa Bujumbura, aliuza simu mtaa wa Molenbeek, jiji hilohilo. Kila majira ya kupukutika majani walikutana kwenye bwawa la klabu yao huko Auderghem, kando ya msitu, kuvua perche, samaki wa milia mwenye mapezi mekundu. Hawakuwa na mtumbwi. Kila mmoja aliingia majini na mpira wake: kiti kinachoelea, kimejazwa upepo kulia na kushoto, mvuvi ameketi katikati, miguu imezama, anajisukuma kinyumenyume kwa mapezi ya plastiki aliyovaa miguuni. Lakini tangu habari ya ndoa, hata salamu zilikatika.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika bwawa lote. Abeid alitangulia kufika. Jaketi lake la kuokoa maisha alikuwa amelifunga nyuma ya kiti, maana alisema linambana mikono. Donat aliliona. Siku nyingine angemgombeza.

Walivua muda mrefu, kila mmoja upande wake. Abeid alipata perche mmoja mnene, akamrudisha majini. Kisha akajisogeza karibu.

"Papa Océane, tutakaa hivi mpaka lini?"

"Niko navua."

"Karimu unamjua. Amekula kwako, amelala kwako."

"Namujua, njo maana naumia. Mutoto wangu alibatizwa, Abeid. Bajukuu yangu batasali wapi?"

"Hilo tukae tuliongee."

"Alors hakuna ya kuongea!"

Donat akarusha chambo kwa hasira, bila kuangalia. Kile kisamaki cha bandia, chenye ndoano za meno matatu, kiliangukia mpira wa Abeid ubavu wa kushoto na kunasa. Mvuvi yeyote angelegeza uzi. Donat akavuta kwa nguvu, mara moja, mara ya pili.

Kitambaa kikachanika. Upepo ukaanza kutoka kwa mluzi mwembamba.

Abeid akabonyeza tundu kwa kiganja, lakini mpasuko ulikuwa mrefu kuliko mkono wake. Ubavu ule ukalegea, kiti kikainama, maji yakamfika kiunoni, yakaanza kumwagikia ndani ya suruali yake ya mpira, baridi kama barafu. Akanyoosha mkono nyuma kutafuta jaketi. Kiti kikazidi kupinduka, akaacha.

"Ogelea!" Donat akapiga kelele. "Achana na kiti, kuya huku!"

"Sijui kuogelea."

Donat alidhani amesikia vibaya. Miaka yote ile!

"Unasema nini?"

"Sijui kuogelea, Donat. Fanya haraka."

Donat akageuka, akapiga miguu kurudi nyuma kuelekea kwa mwenzake. Mguu wa kulia ukakataa. Uzi wake mwenyewe ulikuwa umezunguka pezi, na upande wa pili ulikuwa umembana Abeid mkono. Kila alipopiga teke, alimvuta rafiki yake chini. Akapapasa kifuani akitafuta mkasi mdogo aliouning'iniza shingoni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ukamponyoka, akaudaka, akakata uzi.

"Shika mpira yangu. Mikono yote mbili. Usipande, utatuzamisha."

Abeid akashika. Mpira wa Donat ukadidimia, maji yakagusa mapaja yake. Akaanza kupiga miguu kinyumenyume. Hakuweza kuona ukingo uliokuwa mgongoni kwake. Alichoona ni uso wa Abeid tu, karibu kabisa, midomo imegeuka rangi, macho yamemkazia yeye. Hakukuwa na pa kutazama pengine. Msuli wa paja ukamkaza, akauma meno, akaendelea. Mara mikono ya Abeid ikaanza kuteleza.

"Baba Karimu! Usilale! Niangalie!"

"Nakuangalia," akajibu Abeid kwa sauti ndogo.

Kisha matete yakamkwaruza Donat mgongoni, mapezi yakagusa tope. Akamkamata Abeid kwapani, wakatambaa pamoja mpaka kwenye majani.

Donat akamvua zile nguo nzito, akamvika koti lake mwenyewe na kumsugua mgongo. Ilichukua muda kabla meno ya Abeid hayajatulia kiasi cha kusema.

"Ulivuta."

"Nilivuta."

"Ulijua imenasa kwangu?"

"Nilijua. Sikujua itapasua."

Abeid akatazama maji. "Watoto wasijue."

"Hapana. Batajua."

Akatoa simu kwenye mfuko usioingia maji, akampigia Océane. "Kuya na motokari mbio, na nguo za kukauka. Hapana, miye niko muzima. Ni za baba-mukwe yako. Kidogo nimuue."

Donat aligundua neno "baba-mukwe" alilolitamka baada ya kukata simu, na hakupiga tena kulisahihisha.

Océane na Karimu walifunga ndoa ya serikali kwenye ofisi ya komini mwezi wa tano uliofuata, baba zao wamesimama kama mashahidi. Wajukuu watasali wapi, wazee bado wanabishana, mara nyingine kwa sauti kubwa kiasi cha kufukuza samaki. Abeid sasa huvaa jaketi lake kabla hajagusa maji. Donat humkagua mikanda, mmoja baada ya mwingine, ndipo waingie.