Viti Visivyokalika

Siku ya kuhamia karakana mpya, fundi mkuu alipanga kila kitu kufuata safari ya mbao. Mbao zilikaa langoni, zikafuatwa na msumeno wa mashine, kisha mashine ya kuranda, kisha meza ya kuungia, na mwisho kabisa, dirishani penye hewa, pakawa pa vanishi. Ubao ukishaingia haukurudi nyuma. Vyombo vilining'inia ukutani, kila kimoja juu ya mchoro wa umbo lake, kwa hiyo tupa ya kunolea msumeno ikiazimwa kimyakimya, mchoro mtupu ukutani ulisema. Mafundi walimbandika jina la Bwana Mpangilio, naye akalipenda.

Kisha akatoa nje kila kitu cha kukalia: magogo, ndoo za kufudikiza, hata kasha la misumari. "Anayekaa anapiga soga," alisema.

Aliyeumia zaidi ni shangazi yake, mpakaji wa vanishi, aliyemlea tangu mdogo na kumfundisha kushika msasa. Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba.

"Mwanangu, nipe hata kigoda tu. Vanishi inapakika mtu akiwa amekaa."

"Shangazi, nikikupa wewe, kesho wote watakuja na magoti mabovu."

Kazi ilikwenda mbio kweli, tusimnyime haki yake. Viti vilitoka vimenyooka, havina ufa wala msumari uliochungulia. Tatizo ni kwamba havikukalika. Mwenye duka la dawa alipoinama akalie cha kwanza, kiti kilisogea pembeni kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, naye akafikia sakafuni. Akajaribu cha pili, nacho kikampisha. Alivirudisha vyote kwa mkokoteni. Hakuwa na neno na kutembea kwavyo, ila alilalamika kwamba vimemkwaruzia vigae.

Wateja wengine wakafuata, mpaka lango likaziba. Bwana Mpangilio alikaza skrubu, akapunguza miguu, akabadilisha gundi. Wapi!

Shangazi ndiye aliyeng'amua. "Hivi viti vimezaliwa humu ndani," alisema. "Havijawahi kuona mtu amekaa. Vitajuaje kazi yao?"

Bwana Mpangilio alikuna kichwa. Hasara ilikuwa imemkaba koo. "Haya, kaa uvifundishe. Lakini mkono uendelee kupaka."

Shangazi alikipapasa kiti kimoja mgongoni, akakiambia, "Tulia, baba, si adhabu," akajishusha polepole. Kiti kilitetemeka kidogo, kikatulia. Raha aliyoisikia haina mfano. Machozi yalimlengalenga, wala hakuona haya. Viti vingine vilisogea karibu kutazama. Akaamua moyoni kuvifundisha vyote, kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

Kabla hajahamia cha pili, aliingia meneja wa ofisi moja inayosifika kwa foleni.

"Nasikia una viti ambavyo watu hawawezi kuvikalia."

"Samahani sana, mzee. Tunavirekebisha."

"Ole wako uvirekebishe! Wakubwa wameniagiza niweke viti vya wananchi. Hawakuniagiza wananchi wakae."

Alivitaka vyote vilivyokuwepo, na vingine vya kutosha matawi yote.

"Shangazi, inuka haraka," alisema Bwana Mpangilio meneja alipotoka. "Utaviharibu."

Shangazi aliinuka kwa kushika ukuta. Kile kiti kikamfuata mpaka dirishani, kikajipanga nyuma ya magoti yake, kikangoja. Bwana Mpangilio akakinyanyua.

"Hiki kimeshaharibika, hakiuziki."

Alikipeleka langoni, kivulini, mahali pa kuwaona wote wakifanya kazi, akakikalia. Kiti hakikusogea.

"Umekifundisha vizuri, Shangazi," alisema, akinyoosha miguu.

Shangazi alichovya brashi, akaanza kupaka kiti kilichofuata, amesimama.