Sehemu ya Nekoye

Kwa miaka kumi na minane Mwalimu Rael Jepchumba hakuketi mbele ya jukwaa lolote. Harusi alihudhuria, mazishi alihudhuria, na mikutano ya wazazi alikaa mpaka maombi ya mwisho. Lakini mtu akitaja mchezo wa kuigiza, hata ule wa watoto wa kanisa wakati wa Krismasi, alikumbuka ghafla kwamba ameacha maziwa jikoni, akaondoka.

Walimu wenzake wa zamani walijua sababu. Majirani wa Kapsoya, mtaa wa Eldoret alikohamia baada ya kustaafu, hawakuijua. Kwao alikuwa mama mpole anayeishi peke yake na kusahihisha Kiswahili cha watu hata kwenye salamu.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Joy Mulongo, muuza nguo za mitumba. Jioni moja mwishoni mwa mwezi wa tisa alibisha akiwa na karatasi zilizokunjwakunjwa.

"Mwalimu, nisaidie kidogo. Kuna mchezo tunafanya pale holi ya kanisa. Nimepewa kuwa mjane, na haya maneno hayashiki. Nikisoma naona ni kama nasoma tangazo la chifu."

"Mimi mambo ya michezo sijui, Joy."

"Si wewe ni mwalimu wa Kiswahili?"

"Nilikuwa."

"Basi shika tu karatasi. Nikikosea, useme."

Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo ndiyo aliyoyakimbia miaka yote hiyo. Akashika karatasi. Joy akasimama kati ya meza na kabati, akasema maneno yake yote kwa pumzi moja. Yalikuwa sahihi na hayakuwa na uhai. Mwalimu alikusudia kusema, "Vizuri, nenda ukalale." Badala yake alijisikia akisema:

"Usiharakishe. Huyu mama ameitwa mbele ya shemeji zake wamwambie ahame shamba. Amefikiria siku nzima atakachosema. Akifika pale, hasemi mara moja. Anawaangalia kwanza, mmoja mmoja."

Joy akamkazia macho. "Na ulisema hujui."

Mwalimu akamrudishia karatasi na kusema amechoka. Lakini Joy alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na hakuna jioni aliyofukuzwa.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili ya katikati ya Oktoba, saa tisa alasiri. Mwalimu alienda kwa sababu Joy alimwomba mbele ya majirani, akapanga kusimama karibu na mlango. Holi lilikuwa nyuma ya kanisa, na pazia lake lilikuwa mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Kijana mmoja wa kanisa akamletea kiti, akalazimika kuketi.

Mchezo haukuwa mbaya, haukuwa mzuri. Shemeji mkubwa aliigizwa na Edwin Kibet, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye pia ndiye aliyekusanya kikundi hicho. Sauti yake ilikuwa nene, lakini mikono yake haikujua pa kukaa. Mwalimu aliyaona hayo yote bila kutaka. Kisha, mjane alipoitwa mbele ya shemeji zake na kuulizwa kama ana la kusema, mvua ikaanguka.

Ilikuwa mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele hata mtu asisikie kikohozi chake mwenyewe. Mwalimu alijua kitakachofuata, maana alishakiona mara nyingi enzi zake: wataanza kupayuka, watachoka, pazia litafungwa, na watu watatoa simu zao.

Joy akafungua mdomo. Akasikiliza mvua. Akaufunga.

Akabaki amesimama palepale, akiwaangalia shemeji zake mmoja mmoja. Edwin, ambaye alikuwa amemnyooshea kidole, akakishusha polepole na kukaa kimya, macho kwa mjane. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Hakuna aliyetoka holini. Mama mmoja alimnyonyesha mtoto wake bila kuondoa macho mbele. Watu karibu mia moja walikuwa wakingoja mwanamke mmoja ajibu, na walikuwa tayari kungoja mpaka mvua ichoke.

Mvua ilipopungua, Joy akauliza kwa sauti ya chini, "Mmemaliza?"

Holi zima likavuta pumzi. Neno hilo halikuwepo kwenye karatasi, na Mwalimu alijua, kwa kuwa karatasi alizishika mwenyewe. Alijiziba mdomo kwa kitambaa, lakini machozi yalishatangulia. Hakulia kwa ajili ya mjane. Alilia kwa sababu alikuwa amesahau kwamba watu wanaweza kunyamaza pamoja namna ile, na kwamba zamani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Siku iliyofuata Joy alikuja na Edwin. Walikunywa chai, kisha Edwin akavua kofia.

"Mwalimu, Joy ametuambia ni wewe ulimfundisha kunyamaza. Sisi wote tuko ndani ya mchezo, hatujioni. Tunahitaji mtu wa kutuangalia akiwa nje."

"Hapana."

"Ni Jumamosi tu mchana, kwa muda wa saa mbili…"

"Nimesema hapana, Edwin." Akaweka kikombe chini. Wote wawili walikuwa wakimtazama. Akaona ni heri aseme.

Aliwaambia kwamba mwaka wa 2006 alikuwa akifundisha shule ya wasichana upande wa Moiben, na yeye ndiye aliyewaandikia michezo ya mashindano. Mwaka huo alikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Nekoye. Mama yake, Selpha, alikuwa kibarua kwenye shamba la mahindi, na hakutaka binti yake asafiri. Mwalimu alienda kwake mara mbili kumbembeleza.

"Nikamwambia, Mama Nekoye, huyu mtoto nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni. Tukaenda, tukashinda. Wakati wa kurudi, lori ilikatika breki kwenye mteremko ikaingia kwa basi letu. Wasichana wengi waliumia. Aliyekufa ni mmoja. Na nilimrudisha. Nilikaa na jeneza nyuma ya gari mpaka mlangoni kwa mama yake, kama nilivyoahidi."

Joy aliinamisha kichwa. Edwin akageuza kofia yake mikononi.

"Pole sana, Mwalimu. Hatutakusumbua tena." Alipofika mlangoni akageuka. "Huyo mama, bado yuko?"

"Sijui. Nilimwona mara ya mwisho siku ya mazishi."

Swali hilo Edwin aliliuliza bila nia mbaya, lakini lilibaki ndani ya nyumba alipoondoka. Wiki tatu Mwalimu aliamka nalo. Hakuwa anajua kama mama aliyemzika mtoto pamoja naye alikuwa hai au amekufa, na umbali kati yao ulikuwa safari ya asubuhi moja.

Alhamisi moja ya Novemba alikwenda Moiben. Pale senta, penye maduka, aliuliza, akaelekezwa kwenye kiploti nyuma ya josho la ng'ombe. Alimkuta Selpha ameketi kwenye turubali uani, akipukuchua mahindi kwa mikono. Alikuwa amekonda, na nywele zilizochungulia chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe. Selpha hakuinuka.

"Mwalimu," alisema. "Umezeeka."

"Ndiyo, Mama Nekoye."

"Hata mimi. Keti hapo."

Mwalimu akaketi kwenye kigoda, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua naye.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa Nekoye. Nilikuahidi nitamrudisha."

Selpha alimaliza hindi lake na kutupa gunzi pembeni.

"Lori haikuwa yako. Breki haikuwa yako. Hiyo nilijua hata siku ile. Sikukukasirikia kwa sababu ya lori, Mwalimu. Ulikuja mazishi, ukalia kuliko mimi, halafu ukapotea. Kila mtu aliyekuja hapa alinipa pole. Mimi sikuwa nataka pole. Nilikuwa nataka mtu aniambie huyo mtoto alikuwa nani huko kwenu."

Mwalimu akaweka hindi lake chini.

"Nimemzaa, nimemlea," Selpha akaendelea, "lakini kile kitu alipenda kuliko vyote sikuwahi kukiona. Siku zenu zote mimi niko kibarua. Jioni anakuja anakimbia: Mama, leo walinipigia makofi! Na mimi namwambia, leta maji." Akachukua hindi lingine lakini hakulipukuchua. "Alikuwa anafanyaje?"

"Mchezo ulikuwa wa msichana anayeitwa Tabu," Mwalimu akaanza. "Baba yake anataka kuuza mbegu ya mwaka ujao, basi yeye ana…"

"Hapana. Usinielezee. Nionyeshe."

"Mama Nekoye, mimi nina miaka sitini na tatu. Magoti yangu…"

"Nionyeshe."

Kulikuwa na gunia lililojaa nusu kando ya ukuta. Mwalimu Jepchumba alivua sweta, akaliweka juu ya kigoda, akaenda kuketi juu ya gunia lile. Kwa miaka yote hiyo hakuwa ameiona karatasi ya mchezo huo. Alikuwa ameichoma wiki ya mazishi. Alifikiri hatakumbuka. Lakini alipokunja mikono kifuani na kuinua kidevu, sauti ilikuja, na haikuwa sauti yake ya darasani. Ilikuwa na ile pumzi fupi ambayo Nekoye aliivuta kabla ya neno zito.

"Baba, hii mbegu si yako. Si yangu pia. Ni ya watu ambao bado hawajafika. Ukitaka kuliuza hili gunia, utaliuza na mimi nikiwa juu yake."

Kuku aliyekuwa akidonoa punje aliruka pembeni. Selpha alikuwa amesimama.

"Alikuwa anakunja mikono hivyo?"

"Hivi hivi. Mimi nilimwambia aiache wazi, watu wamwone vizuri. Alikataa kabisa. Akasema Tabu lazima akunje mikono."

Selpha akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua yeye mwenyewe. "Hiyo ni ya mama yangu! Nyanya yake akikasirika, anakunja mikono hivyo, hata umchape hatoki hapo." Kisha kicheko kikavunjika. Akakaa chini kwenye turubali, kitambaa usoni, akalia kwa sauti kama aliyefiwa jana. Mwalimu alitaka kumwendea, lakini Selpha akainua mkono kumzuia.

"Rudia," alisema.

Mwalimu akarudia. Alirudia mara tatu, kila mara akikumbuka jambo lingine: jinsi Nekoye alivyokuwa akigonga gunia kwa kisigino, jinsi alivyomtazama baba na si hadhira, jinsi alivyosahau kushuka kwenye gunia pazia lilipofungwa. Selpha aliuliza kila kitu. Alivaa nini? Alikuwa anaogopa kabla ya kuingia? Walimpigia makofi wakati gani? Jua lilikuwa limefika katikati ya anga walipokumbuka kwamba hawajala.

Wakati wa kuagana Mwalimu alisema, "Kuna kikundi Eldoret. Wakitaka, naweza kuwaandikia tena mchezo huu."

Selpha alifikiri. "Hapana. Huu ni wa Nekoye, uache. Waandikie mwingine."

Kwa hiyo akawaandikia mwingine. Jumamosi baada ya Jumamosi aliketi safu ya nyuma ya holi, akiwaangalia kutoka nje kama alivyoombwa. Alikuwa mkali. Alimfunga Edwin mikono nyuma kwa leso Jumamosi mbili mpaka alipojifunza kusema kwa macho. Kuna jioni alizorudi nyumbani akikumbuka basi, akashindwa kula, na Jumamosi iliyofuata akaenda tu. Huzuni haikuondoka. Ilipata mahali pa kuketi.

Mwezi wa tatu mchezo mpya ulionyeshwa, na Selpha akaja kutoka Moiben, amevaa gauni la kanisani. Aliketi safu ya pili. Watu walipocheka hakucheka, na walipopiga makofi mikono yake ilibaki juu ya mkoba. Mwalimu alimwangalia yeye kuliko alivyoangalia mchezo, na hakujua la kufikiri.

Watu walipotoka, Selpha hakuelekea mlangoni. Alivua viatu, akapanda jukwaani kwa uangalifu, akasimama katikati na kuvitazama viti vya plastiki ambavyo Edwin alikuwa ameanza kuvipanga kimoja juu ya kingine.

"Kumbe mtu akiwa hapa anaona kila mtu," alisema.

"Ndiyo, Mama Nekoye. Hata wa nyuma kabisa."

"Basi siku moja tu ningekuja, angeniona."

Mwalimu Jepchumba alipanda, akasimama kando yake, na wote wawili wakatazama chini huku Edwin akisogeza viti polepole ili asiwapigie kelele.