Jaketi la Mzee Sindano

Mzee Sindano aliingia katika chumba chake melini, akatoka, akaingia tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Begi hakulifungua, kitandani hakukaa. Kila mara alichungulia dirishani kuona kama ngazi ya kushukia bado ipo, na kila alipoiona alishusha pumzi. Ilikuwapo. Mtu angeweza kuteremka taratibu, akapotelea katika umati wa bandarini, na nani angejua kwamba fundi cherehani mzima, na mvi zake, amemkimbia mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Maana hiyo safari ilikuwa kisingizio tu. Meli ilikuwa inaelekea kwenye bahari ya barafu, watu wakaone nyangumi na pengwini, na abiria wenzake wote walikuja na kamera zenye midomo mirefu. Yeye nyangumi wanamhusu nini? Alikuja kwa sababu binti yake ndiye mwendeshaji wa zile boti za mpira zinazowapeleka abiria ufukweni. Kwa miaka mingi walikuwa hawasemezani. Siku binti alipoacha cherehani, shati la mteja likiwa halina hata mikono, ili aende kutafuta kazi melini, Mzee Sindano alimwambia mbele ya majirani: "Ukienda huko majini, usiniite baba tena."

Neno likitoka halirudi. Binti naye akalishika kama alivyoambiwa, maana mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa ukaidi wale wawili huwezi kusema nani amemzidi mwenzake. Hatimaye kaka wa binti huyo alichoka kupeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma, akamkatia baba yake tiketi. "Nenda mwenyewe," alisema. "Kama ni kugombana, mgombane uso kwa uso."

Kipaza sauti kikaita: abiria wote wafike sitaha ya nyuma kuvalishwa majaketi ya kujiokolea. Mzee akaenda, roho mkononi.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alisimama mwalimu mstaafu mwenye kitambi cha haja, na mbele ya kitambi hicho ikasikika sauti.

"Mikono juu, mwalimu. Shusha mabega. Usivute tumbo ndani, nguo haidanganywi."

Watu wakacheka. Mzee Sindano hakucheka, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yake. Ndivyo alivyowaambia wateja tangu binti huyo alipokuwa akikaa chini ya meza ya kukatia, akiokota vifungo. Leo yanasemwa huku juu ya maji, na mwanamke mwenye buti za mpira na uso uliobabuka kwa upepo. Aliona fahari, kisha aibu ikaifuata hapo hapo, na akaikumbuka ile ngazi.

Zamu yake ikafika. Binti alimtazama, macho yakasita kidogo.

"Mikono juu, mzee."

Mzee! Kama mzee yeyote wa barabarani. Akainua mikono. Binti akapitisha mkanda, akaukaza, akaingiza vidole viwili kupima nafasi, vile vile alivyofundishwa dukani. Baba alikuwa na maneno aliyoyaunganisha njia nzima, na yote yakafumuka.

"Asante," alisema.

"Anayefuata!"

Ndiyo basi? Alisogea pembeni, akakosa pa kuweka mikono. Kule chini mabaharia wawili walikuwa wameanza kulegeza kamba za ngazi. Akapiga hatua kuelekea huko, akasimama. Vidole vyake, ambavyo havijui kutulia, vikapapasa kifungo cha mkanda, na mkanda ukafunguka. Akageuka, akarudi mwisho wa foleni.

Safari hii hapakuwa na mtu nyuma yake.

"Nani amekufungulia?" binti aliuliza.

"Nimefungua mwenyewe."

"Limekubana?"

"Halijanibana. Umelikaza vizuri, hata mimi nisingeweza hivyo. Nilitaka unipime tena."

Binti akaushika mkanda asiufunge. "Kaka aliniambia unakuja," alisema polepole. "Toka siku hiyo sijalala vizuri. Nikajua unakuja kunirudisha nyumbani."

"Nikurudishe, halafu hawa wenye makamera atawashusha nani? Mimi hata kuogelea sijui." Akajaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Nimekuja kupanda boti yako."

Nyuma yao ngazi ilianza kupandishwa, ikikwaruza ubavu wa meli. Mzee Sindano hakugeuka kuitazama.

"Haya, mikono juu," binti alisema. Akaingiza mkanda, akaukaza, akapima kwa vidole viwili.

"Na usivute tumbo ndani, baba."