Siku ya Nane ya Akua Birago

Akua Birago alibatizwa katika mto Ofin Jumamosi asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita, na kabla nguo hazijamkauka alikuwa ameshaanza kubishana na Mchungaji kuhusu jina lake.

"Umesema leo nimezaliwa," alimwambia Mchungaji Obeng, maji yakimdondoka kidevuni. "Leo siku gani?"

"Jumamosi, Mama."

"Basi mimi ni Ama. Akua ni mtoto wa Jumatano."

Mchungaji akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamweleza taratibu kwamba kinachozaliwa upya ni roho. Mwili ni ule ule, na jina nalo si vibaya likabaki lile lile.

"Hapa kwetu jina la siku ni la roho," Akua akasema. "Sasa wewe uniambie roho ni mpya, halafu uniachie jina la ile ya zamani? Ni kumwogesha mtoto ukamrudishia nepi aliyoichafua."

Mchungaji alikuwa amesomea theolojia miaka minne, lakini hilo hakufundishwa. Akakubali.

Mji wa Adwenso ulipata la kucheka wiki nzima, na sishangai, maana ni mji unaopenda sana kucheka ya wengine. Akua aliuza fufu, ule ugali wa mihogo na ndizi za kutwanga, katika banda karibu na kituo cha kupimia kakao. Fufu yake ilikuwa laini, mchuzi wake wa chikichi haukukosa konokono wanono, na hakuna aliyekula pale akaondoka bila kupewa neno la kwenda nalo. Watu walifuata fufu, wakauvumilia ulimi. Kwa hiyo waliposikia amezaliwa upya, walisema kile tunachosema kwa kila mtoto: asiyefikisha siku nane bado si mtu. Ni mgeni aliyekuja kuchungulia, na akiondoka haliliwi. Tungoje Jumamosi, wakasema. Akifika bila kumtukana mtu, tutamwita Ama.

Aliyejipa kazi ya kumjaribu ni Yeboah, karani wa kupima kakao. Jumatatu alionja tonge akakunja uso.

"Akua, fufu leo ina mabonge."

Akua alishika upawa kwa mikono miwili. "Naitwa Ama," akasema. "Lete bakuli nikubadilishie."

Jumanne ikawa mabonge tena. Jumatano Yeboah akauliza kama Roho Mtakatifu anajua kutwanga. Banda zima likamtazama Akua, na Akua akautazama mchi, na mchi ule, nawaambia, uliponea chupuchupu kuvunjikia kichwani mwa Yeboah. Taya zilimuuma kwa maneno aliyoyameza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, naye alikuwa amejikwaa ulimi miaka hamsini.

Ila si matusi yaliyomnyima raha. Mtoto akitolewa nje siku ya nane, hutafutwa mtu mwenye tabia njema amdondoshee ulimini maji kisha pombe, ili asichanganye kweli na uongo, na kumtamkia jina, kwa kuwa mtoto hufuata tabia ya mkono uliompa jina. Mchungaji alijitolea. Akua akamkatalia kwa adabu. Mwenye tabia njema kuliko wote aliowajua alikuwa mmoja tu, naye alikaa ng'ambo ya mto: Konadu, mdogo wake, ambaye hawakusemezana naye miaka kumi na miwili.

Mama yao alipokuwa anakata roho, Akua aliuambia ukoo kwamba Konadu ametumiwa watu mara tatu na amekataa kuja. Konadu alikuja kusikia habari sokoni, akafika mbio, akakuta kaburi limeshafukiwa. Hakuna aliyemsikiliza. Mjomba Dankwa, mkuu wa ukoo, alimfungia mlango wa nyumba ya familia, na tangu siku hiyo jina la Konadu likawa mfano wa mtoto asiye na moyo. Ukweli aliujua Akua peke yake. Hakumtuma mtu hata mmoja.

Alhamisi, Yeboah alipomaliza kula, Akua alimfuata mezani.

"Kesho unavuka kupima ng'ambo?"

"Navuka. Unataka nikuletee mchi wa kizungu?"

"Mwambie Konadu dada yake ana siku sita tangu azaliwe. Jumamosi anaomba mkono wake."

Yeboah akaacha kuchokonoa meno. "Na akikataa?"

"Atakuwa na haki. Ila safari hii nataka awe ameitwa."

Ijumaa jioni Yeboah alirudi na jibu ambalo si jibu. Konadu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaendelea kuanika kakao yake.  Akua aliogopa Konadu asije, na aliogopa zaidi kwamba atakuja.

Jumamosi asubuhi ua wa banda ulijaa. Walokole walikuja na ngoma zao, wateja wakaja na njaa yao, na Mjomba Dankwa akaketishwa mbele. Akua alivaa nyeupe tupu, akaketi kwenye kigoda kama mama aliyejifungua na mtoto aliyezaliwa kwa pamoja. Jua lilipanda. Watu wakaanza kunong'ona, na Mchungaji alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu aifanye kazi mwenyewe, wakati kelele zilipokatika upande wa barabarani.

Konadu aliingia amejitanda kitambaa cheusi cha msiba, na mikunjo ya dukani bado inaonekana. Akua alikitambua. Kilikuwa cha msiba wa mama yao, kile ambacho ukoo mzima ulishona, na ambacho Konadu alikinunua asipate kukivaa.

"Unaleta kilio kwenye jina la mtoto?" Mjomba Dankwa akamuuliza.

"Sijui nimeitwa kwenye nini, Mjomba. Nitajua sasa hivi."

Akachukua kikombe cha maji, na kwapani akatoa chupa ya jini, ile pombe kali. Mchungaji akayainua macho akaanza kukagua paa la banda. Konadu alichovya kidole kwenye maji, akamdondoshea Akua ulimini.

"Ukisema maji, yawe maji."

"Maji," Akua akasema.

Akachovya kwenye jini. "Ukisema pombe, iwe pombe."

"Pombe."

Hapo ndipo jina hutamkwa. Konadu hakulitamka. Alikipangusa kidole chake kwenye kile kitambaa cheusi, polepole.

"Na ukisema ulinituma mtu?"

 Akua alimwona Mjomba Dankwa akiinamisha kichwa ili asikie vizuri. Angeweza kulia tu, na watu wangemwonea huruma, na siku ingepita. Ulimi wake ulikuwa bado unawaka kwa ile jini.

"Sikutuma mtu," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mjomba, sikumtuma mtu hata mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama kitandani, namsafisha, namlisha, na kila akifumbua macho anamwita Konadu. Nikasema basi, na asimwone. Konadu hakukataa. Konadu hakuambiwa. Mmemfungia mlango kwa uongo wangu."

 Machozi yalikuwa yakimshuka Konadu bila yeye kuyajali.

"Nimezaliwa tumbo moja na Akua Birago," akawaambia watu. "Namjua. Akua angekufa kabla ya kuyasema haya." Akavuta pumzi. "Basi amekufa. Na mimi nimemvalia nguo ya msiba wake."

Akakifungua kitambaa cheusi kikaanguka miguuni. Ndani alikuwa amevaa nyeupe. Akaichukua mikono ya dada yake, akamsimamisha mbele ya Adwenso yote.

"Huyu ni Ama."

"Ama!" ua ukaitikia, na ngoma zikapokea. Mjomba Dankwa alinyanyuka na fimbo yake, akamsogelea Konadu, akaufungua mkono wake na kuuwekea ufunguo wa nyumba ya familia. Hapo hata waliokuja na njaa walisahau njaa, kwa muda.

Muda mfupi. Fufu ilipoandaliwa, Yeboah alionja tonge, akakunja uso, akasema kwa sauti, "Ama, leo ina mabonge."

Ama alifumbua mdomo. Konadu akamziba kwa kiganja.

"Mtoto wa siku nane hajui kusema," akamwambia Yeboah. "Nitamjibia mimi. Mabonge unayo kichwani, baba. Kula."